Sista wa Machimboni

Sista hakuwapenda mamba. Naanza na hilo kwa sababu waliosikia habari zake kwa mbali hudhani alikuwa bibi mpole mwenye huruma kwa kila kiumbe, na yeye mwenyewe angechukia kusikia hivyo. "Nimeshona watu waliochanwa na hawa," alizoea kusema, akinyoosha kidole kuelekea bwawani. "Nimechomoa jino la mamba kwenye paja la mtu. Usiniambie niwapende." Halafu anainama, anachukua ndoo ya vichwa vya kuku, anakwenda kuwalisha.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi aliyestaafu, na kwetu Thika nesi wa umri wake hana jina jingine. Jina lake nililijua lakini sikumbuki kulitamka hata mara moja. Alikuwa Mwislamu wa Majengo. Kuna waliosema ni Mnubi, kuna waliosema ni Mkamba aliyeolewa huko, na akiulizwa alijibu, "Mimi natoka wodi ya wanaume." Alisema hivyo bila kutabasamu, na mtu akaona aibu kuuliza tena.

Hifadhi yenyewe ya mamba ilikuwa kati ya Thika na Ruiru, ukivuka mashamba ya kahawa kuelekea mtoni. Zamani palikuwa machimbo ya mawe. Wachimbaji walipoondoka waliacha mashimo makubwa, maji yakaingia, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya wanyamapori akapata kibali cha kuyazungushia ukuta. Huyo tulimwita Mzee, basi. Mamba waliletwa kutoka Tana na kwingineko, wale waliokwisha kula mbuzi au mtu na ambao wangepigwa risasi kama Mzee hangesema, nileteeni mimi. Kwa hiyo palikuwa kama jela, na wafungwa hawakujua kosa lao. Wanafunzi wa shule waliletwa kuwatazama. Kazi ya kusafisha, kulisha na kuziba nyufa ilifanywa na watu wa kujitolea, na malipo yetu yalikuwa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha.

Mimi nilienda huko mwaka wa tisini na tatu. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifumia, pale eneo la viwanda, kilikuwa kimefungwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni na hakuna aliyetaka kitambaa chetu. Nilikuwa nimechoka kukaa chumbani kwangu Kiganjo nikisikiliza redio ya jirani. Mtu akaniambia kuna mahali wanataka watu wa kujitolea, na kwamba baadaye huenda wakaandikwa kazi. Hakuna aliyewahi kuandikwa.

Siku ya kwanza Sista alinishika mikono yote miwili akaigeuza, kama mtu anayenunua kitu.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kufuma. Mashine."

"Na vidole vyote viko?"

"Viko, Sista."

"Basi tuviache hivyo." Akanipa gambuti za mtu mwingine, kubwa kuliko miguu yangu, akaniambia nisisogee ukingoni bila yeye.

Alikuwa mkali. Alituita kwa sauti ya wodi, ile inayokusudiwa mtu wa kitanda cha mwisho. Kulikuwa na kijana wa Githurai, Kamau, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akingoja chuo. Kamau alikuja siku yake ya kwanza akasema, "Sista, niaje?" Sista akaweka ndoo chini.

"Niaje ndiyo nini?"

"Ni salamu tu, Sista."

"Kwenu husemi shikamoo?"

"Kwetu hatuna hiyo."

"Sasa unayo." Na kuanzia siku hiyo Kamau, Mkikuyu wa Githurai 45, akawa anasema shikamoo kila asubuhi kwa ile lafudhi yake ya nyumbani, naye Sista anaitikia marahaba kwa uzito kama vile ameitikia mwanawe. Kamau alimpenda. Nataka hilo nalo lijulikane, kwa sababu ya yaliyokuja kutokea.

Mwezi wa saba ulikuwa mwezi mbaya kwetu. Mamba ni mnyama wa joto, na machimbo yale yalikuwa juu, penye ukungu. Asubuhi walilala ukingoni kama magogo yaliyooza. Hawakula, nyama tuliyowatupia ililala mbele ya midomo yao mpaka ikajaa nzi. Watoto wa shule waliokuja miezi hiyo walikasirika, maana walikuwa wameahidiwa mamba na wakaonyeshwa mawe. Wakaanza kuwarushia vitu, mahindi, chupa, vipande vya kokoto, waone kama watatingishika.

Siku moja Sista alimshika mvulana mmoja mkononi, akaokota jiwe.

"Simama pale," akamwambia. "Nikurushie na mimi, nione kama uko hai."

Mwalimu wao alitaka kugombana. Sista akamgeukia, "Mwalimu, mtu akiwa hasogei hapigwi jiwe. Unamfunika." Akaenda zake. Wiki hiyo Mzee alituma magunia matupu kutoka kiwanda cha kahawa, na Sista, ambaye hakuwapenda mamba, alishinda akiyatandaza juu ya wale wadogo kwa fimbo ndefu, akisoma kitu mdomoni ambacho sikukisikia.

Hakuogopa kujipinga hivyo. Alisema wazi kwamba wanyama hawa hawajui mtu, kwamba hata uwalishe miaka kumi watakula mkono uleule uliowalisha, na kwamba anayewapa majina ni mpumbavu. Lakini mwaka nilioanza, jike mmoja alitaga mchangani, na mayai yakaanguliwa wakati wa baridi. Vitoto vilikuwa virefu kama kiganja, vikilia sauti ya kukwaruza, na kila asubuhi tulikuta vingine vimekufa. Sista alivichukua vilivyobaki akavipeleka nyumbani kwake Majengo. Nilimfuata nione. Alikuwa ameviweka kwenye karai la kufulia, chumbani kwake alikolala, na chini ya karai jiko lenye makaa machache yaliyofukiwa majivu. Kila baada ya muda alitumbukiza kiwiko majini, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Majirani walichukia. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni akasema, "Sista, hii nyumba ina watoto."

"Najua. Nimezalisha watatu wako."

"Na hivyo vitu vikitoka?"

"Vikitoka nitaenda kuvitafuta. Wako wakitoka usiku nani huwatafuta?"

Kilipona kimoja tu. Kilipokua kidogo akakirudisha machimboni, akakimwaga majini kama anayemwaga maji machafu, hakutazama nyuma. Kamau akakiita Karai. Sista alimkemea, kisha baada ya siku nyingi nikamsikia mwenyewe akisema, "Karai hajala."

Aliwaita kwa ndoo. Alikuwa na kijiti, akigonga kitako cha ndoo ya bati polepole, na baada ya muda maji yalikuwa yakipasuka huku na kule, wakija. Walikuja kwa yeyote aliyegonga, lakini kwake walikuja haraka zaidi. Kamau alisema wanamjua. Sista alisema wanaijua ndoo.

Kuhusu ukweli alikuwa na msimamo mgumu mpaka ukaumiza. Hakuwahi kumwambia mgonjwa kwamba haitauma. Nilipojikata kwa bati la ukuta, alinimwagia spiriti akasema, "Itauma sana," na ikauma sana. Mama mmoja wa jirani alimwuliza kama mtoto wake mgonjwa wa homa ya manjano ataishi, Sista akasema, "Sidhani," na mama yule hakumsemesha tena hata baada ya mtoto kupona. Alisema uongo wa hospitali ndio uliomchosha kazi, kuliko damu.

Ndiyo maana nilishangaa kwa habari ya mzee wa Tana.

Huyo alikuwa mtu mwembamba, mkimya, aliyevaa koti hata kwenye jua. Alikuja mara moja kwa mwaka baada ya mvua za masika, safari ya kutwa nzima. Mke wake alikuwa amechukuliwa na mamba alipoenda kuteka maji. Askari wa wanyamapori waliweka mtego sehemu ileile ya mto, wakanasa dume kubwa lenye kovu kichwani, wakalileta kwetu. Tulilipa jina la Chifu. Mzee wa Tana akasikia liko wapi, akaanza kuja kulitazama. Alisimama ukutani, mikono nyuma. Sista alimpelekea chai na kusimama pembeni yake.

Mara ya kwanza aliuliza, "Ndiye huyu?"

Na Sista akasema, "Ndiye."

Alipoondoka nilimwambia, "Sista, wewe hujui kama ndiye. Mto ule una mamba wengi."

"Sijui," akakubali, akakusanya vikombe.

Mwaka wa tisini na sita, kwenye baridi, Chifu alikufa. Tulimkuta asubuhi amelala vilevile, na mpaka jioni ndipo tukajua. Tulimzika kwa kazi kubwa. Masika yaliyofuata mzee wa Tana akaja na koti lake. Nilikuwa naye Sista getini. Nikaona Sista ameganda kidogo, halafu akamwongoza mgeni wake, si kwenye shimo la Chifu bali kwenye shimo la pili, akamwonyesha dume jingine lililolala nusu majini.

Mzee wa Tana alimtazama. Akasema, "Amekonda."

"Amezeeka," Sista akasema. "Kama sisi."

Jioni tukiosha ndoo nilishindwa kunyamaza. Nikamwuliza kwa nini amemdanganya mtu wa watu, yeye asiyeweza hata kumwambia mtoto kwamba sindano haiumi. Aliendelea kusugua kwa mchanga.

"Anatoka mbali kuja kumtazama usoni aliyemuulia mke," akasema. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba alikufa usingizini, ameshiba?"

Sikumwuliza tena. Lakini tangu siku hiyo nilimwona tofauti. Nilikuwa nikidhani ni mtu wa kanuni. Nikaanza kuona kwamba alikuwa akichagua, kila mara, nani aumie, na kwamba kuchagua kule kulimla.

Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Mume alikuwa ameshafariki, binti yake wa pekee ameolewa Mombasa. Nilipomwuliza kwa nini anakuja machimboni, kila mara alikuwa na jibu jipya. Mara hewa ya pale ni nzuri kwa kifua, mara githeri ya Mzee ina chumvi ya kutosha. Siku moja tu, akiwa amechoka, alisema, "Nikikaa nyumbani nawahesabu walionifia." Nikadhani anasema juu ya jamaa zake. Baadaye nikatambua ni wagonjwa.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ilianza ikakataa kukoma. Redioni waliita El Niño, na kwetu hata vikongwe wasiojua kusoma walijifunza jina hilo. Barabara zilikatika. Mto ulipanda mpaka kwenye kahawa, maji yake ya kahawia kama chai ya maziwa mengi. Tuliziba ukuta kwa mifuko ya mchanga, mchana kutwa, na kesho yake mifuko haipo. Mwaka ulipogeuka, Ramadhani ikiwa imeingia na Sista amefunga, ukuta wa upande wa mto ulianguka tukiwa tunakula chakula cha mchana, sisi tunaokula. Haukutoa sauti kubwa. Ulilala tu, na mashimo na mto vikawa kitu kimoja.

Wengi wa mamba walibaki, wamejibanza mahali penye kina. Wengine walitoka. Mzee alizunguka kwenye matope akijaribu kujua ni nani hayupo, na hakuweza. Akatuma habari kwa watu wa wanyamapori, wakasema watakuja barabara ikipitika.

Sista aliacha kila kitu akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwenye kambi za wafanyakazi wa kahawa. Nilikuwa naye. Mlango kwa mlango alisema jambo moja: "Msiende mtoni. Mamba wametoka."

Kwenye nyumba ya mwisho alikuwa Mama Njeri, mwanamke wa makamo yangu, mchuma kahawa, anayecheka haraka. Alisikiliza, akashika kiuno.

"Sasa maji tutatoa wapi, Sista? Mabomba yote imevunjika. Mvua yenyewe tunakinga na sufuria mbili."

"Nitakuletea. Tutaleta kwa gari la Mzee, mapipa. Kesho."

"Kweli?"

"Nimesema."

Kesho yake gari la Mzee lilizama matopeni kabla hata ya kufika getini. Tulisukuma mpaka mchana. Siku iliyofuata hivyohivyo. Sista alibeba maji mwenyewe, madumu mawili, kwa miguu, na mimi mengine mawili, lakini kambi ina watu wengi na yaliishia nyumba za mwanzo.

Asubuhi ya siku ya tatu tulisikia kelele.

Nilipofika mtoni Sista alikuwa ameshafika, sijui alikimbiaje kwa umri ule, na saumu tumboni. Mama Njeri alikuwa amelala kwenye majani, wanaume wawili wamesimama juu yake na majembe, mmoja akilia. Walikuwa wamempiga yule mamba mpaka akaachilia. Mkono wa kulia haukuwepo kuanzia chini ya kiwiko. Sista alikuwa amevua leso yake akifunga, akivuta kwa meno.

"Niangalie mimi," alimwambia. "Usiangalie pale. Mimi. Inauma?"

"Inauma, Sista."

"Itauma zaidi. Niangalie."

Lori la kahawa lilimpeleka Thika, likipita lilikopita. Sista hakupanda. Alibaki amesimama barabarani, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko, akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Nilimwambia kesho."

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa getini, wana mapanga, wengine mafuta ya taa. Walitaka kuchoma kila kitu. Mzee alijaribu kusema nao, akashindwa. Kwa bahati, au sijui niite nini, askari wa wanyamapori nao walikuwa wamefika, watatu, wakiwa wameacha gari lao mbali na kutembea. Mkubwa wao alikuwa kijana mtulivu. Akamwambia Mzee kuna njia mbili. Wanaweza kuleta vizimba kutoka Nairobi na kuwatega waliotoka, lakini kwa barabara hizi ni siku nyingi. Au wanaweza kuwapiga risasi sasa, kama kuna mtu wa kuwatoa walikojificha.

Mzee alitazama chini. Sisi wa kujitolea tulitazamana.

"Vizimba," Kamau akasema. "Wacheni tungoje vizimba. Watu wakae mbali na mto."

"Na wanywe nini?" Sista akamwuliza.

Akaenda kwenye kibanda cha vifaa, akarudi ameshika ndoo ya bati na kijiti.

Kamau alielewa kabla yangu. Akasimama mbele yake. "Sista, usifanye hivyo. Haki, usifanye. Hao wanakuamini."

"Najua," akasema. "Nipishe."

Alimpita. Alitembea ukingoni mwa mto kwenye matope, askari nyuma yake. Akasimama kwenye mwamba mmoja uliotokeza juu ya maji. Akaanza kugonga. Polepole, kama kila siku ya kulisha, bila haraka.

Wa kwanza kuja alikuwa Karai. Alikuwa bado mdogo kwa mamba, urefu wa kitanda, na hangeweza kumng'oa mtu mkono. Alikuja moja kwa moja, macho na pua tu juu ya maji, akapanda mchangani mbele yake akasimama na mdomo wazi. Askari akamwangalia Sista.

"Huyu pia?"

"Wote," Sista akasema. Akaendelea kugonga.

Sitasimulia kila risasi. Ilichukua mchana mzima, kwa sababu baada ya kila mlio ilibidi kungoja maji yatulie, kisha aanze tena. Mvua ilinyesha ikaacha ikanyesha. Hakukaa chini, hakunywa, hakufuta uso. Dume mmoja mkubwa, ambaye pengine ndiye aliyemng'ata Mama Njeri, alikuja mwisho kabisa. Alipokwisha, Sista aliinamia maji akaiosha ndoo, akaitia mikononi mwa Mzee. Jua lilikuwa linazama. Mwanamke mmoja katika wale waliokuja na mapanga akampa kikombe cha maji afungue saumu, akakipokea, akanywa.

Kamau alikuwa ameketi juu ya ukuta ulioanguka. Sista alipompita alimwambia, "Wewe si mtu," kwa Kikuyu kwanza, halafu kwa Kiswahili ili asikie vizuri. Sista alisimama. Nilidhani atamjibu kwa ile sauti ya wodi. Alisema, "Nenda nyumbani, mwanangu. Utapata baridi." Kamau hakurudi tena machimboni, na sijui aliishia wapi.

Hifadhi ilifungwa mwaka huohuo. Mamba waliobaki mashimoni walipelekwa pwani, na Mzee akauza shamba.

Hakuna aliyemshukuru Sista. Watu wa kambini walisema kama si yeye na wenzake mamba hawangekuwepo pale hata kidogo, na huwezi kuwalaumu kwa kusema hivyo. Alikwenda hospitali kumwona Mama Njeri kila siku. Manesi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wakamwachia abadilishe bandeji. Niliambatana naye mara moja. Mama Njeri aligeuza uso ukutani tulipoingia, akabaki hivyo mpaka tulipotoka. Mume wake alisimama kando ya kitanda akasema, "Wewe mama wa mamba, umekuja kuona imebaki nini?" Sista alifunga bandeji, akapima kama imekaza, akaosha mikono. Kesho yake akaenda tena. Aliendelea mpaka Mama Njeri aliporuhusiwa kutoka, na nijuavyo mimi yule mwanamke hakuwahi kumsemesha. Nilimwuliza Sista kwa nini anajitesa. Akasema kidonda hakijali nani ananuniwa.

Baada ya hapo tulipoteana. Nilipata kazi ya kushona sare za shule Ruiru, nikahamia huko. Miaka miwili ikapita, karibu.

Nilimkuta tena kwenye kituo cha afya, Ruiru, nilipopeleka kifua changu. Alikuwa kwenye benchi, kwenye foleni, amekonda hata nikapita mara ya kwanza bila kumtambua. Nesi kijana alikuwa akipiga kelele kwamba wazee wasogee, kadi zitaitwa, hakuna haja ya kusukumana. Akamshika Sista bega akamsukuma upande. Nilitaka kusimama nimwambie yule msichana huyu ni nani. Sista akanivuta gauni.

"Mwache. Amekuwa amesimama tangu asubuhi."

Nikakaa. Nikamwuliza anaumwa nini. "Tumbo," akasema. "Naijua. Nimekuja ili binti yangu aamini." Alikuwa amehamia chumba cha kupanga nyuma ya soko, binti yake amekuja kutoka Mombasa kumwuguza. Nikaanza, "Sista, ile siku..." akaniwekea kiganja magotini, kizito, kikavu.

"Hapana, Wambui," akasema. "Hiyo hapana."

Basi tukazungumza juu ya bei ya unga.

Jumapili nilikwenda kumtazama. Binti alikuwa anatoka kutafuta dawa, akaniomba nikae naye mpaka arudi. Sista alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, ameegemea kitanda, kichwa wazi. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe pe, laini, nyingi kuliko nilivyodhani.

"Unajua kusuka?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Nisuke. Usiweke mistari mingi. Mikia mitatu tu, iangukie nyuma."

Nilikaa kitandani, naye akaweka kichwa kati ya magoti yangu. Nilichana polepole, maana ngozi ya kichwa ilikuwa imekonda na niliogopa kumwumiza. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilipomaliza mkia wa pili niliona pumzi zake zimekuwa ndefu, nikajua amelala, nikasuka wa tatu kwa ncha za vidole. Kisha nikabaki nimekaa hivyohivyo, miguu ikifa ganzi.

Binti aliporudi alifungua mlango, akatuona, akaganda na kifuko cha dawa mkononi. Alikuwa anatazama nywele.

"Ni yeye aliyekwambia mitatu?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Akapiga magoti. Machozi yalimtoka bila sauti. "Kwetu mwanamke husukwa mitatu akishafariki," akaninong'oneza. "Wanaomwosha ndio humsuka." Akanyoosha mkono kwenye mkia wa kwanza, akaanza kuufumua.

Sista hakufumbua macho.

"Acha," akamwambia. "Amesuka vizuri."